Kutoka Kakuma Hadi Adelaide ni Saa Ngapi?

Mpenzi msomaji, najua ukilipata jarida hili la chama chetu unakimbilia kwanza ukurasa wa mashairi na ule wa vichekesho. Haya, soma kisha urudi hapa. Nitakungoja, maana kungoja ni sehemu ya habari yenyewe.

Mwezi wa Julai 2025 nilikosea hesabu. Haikuwa hesabu ya daftari ambayo mwalimu huipiga alama nyekundu, ukacheka na wenzako mkaenda zenu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza alikuwa anahamia Australia pamoja na mama yake, ndugu zake wawili na nyanya yake. Familia hiyo ilifika katika kambi ya Kakuma mwaka 2014, ikikimbia vita vilivyozuka Sudan Kusini Desemba 2013. Wakati huo yeye alikuwa mtoto wa miaka minne. Walipoambiwa kwamba wamekubaliwa, na kwamba mji wao mpya ni Adelaide, nyanya aliniita. Darasani kwetu mimi huitwa Bwana Ramani, jina ambalo nililipenda mpaka siku ile.

"Mjukuu wangu," nyanya akaniuliza kwa Kiswahili chake alichojifunza sokoni, "hiyo ndege inakaa juu saa ngapi?"

Kesho yake nilirudi kifua mbele nikamjibu, "Nyanya, ni saa kumi na tatu tu." Basi akachukua tembe mbili za presha, moja ya safari na moja ya akiba, akazifunga kwenye pindo la leso. Nyingine zote zikaingia ndani ya begi kubwa. Begi lile lilichukuliwa hapa Kakuma na hawakulitia machoni tena mpaka Adelaide. Kati ya hapa na pale zilipita saa 78.

Nimeandika makala haya ili nieleze nilivyokosea. Jambo la ajabu ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilijibu swali ambalo nyanya hakuuliza.

Lakini tusiruke bahari kabla ya kuvuka lagga. Tuanze na safari ambayo wengi wetu tunaijua, ya Lodwar na Kakuma. Kwa barabara ni kama kilomita 120. Matatu ikishika lami vizuri, saa mbili zinatosha, ila usisahau saa ile unayokaa ndani ya gari stendi, huku makanga akiapa kwamba amebakisha mtu mmoja tu, na huyo mtu mmoja haishi kuwa mmoja. Je, ndege ingepita umbali gani? Ndege haijui kona wala daraja, kwa hivyo tunahitaji umbali wa moja kwa moja.

Fungua atlasi. Lodwar iko kama digrii 3 na dakika 7 kaskazini mwa ikweta, na digrii 35 na dakika 36 mashariki. Kakuma iko digrii 3 na dakika 43 kaskazini, na digrii 34 na dakika 52 mashariki. Dakika hizi si za saa ya mkononi. Digrii moja ya ramani imegawanywa mara 60, na kila kipande ni dakika. Mabaharia wa zamani walifanya jambo la akili sana hapa: waliamua kwamba dakika moja ya latitudo ndiyo maili moja ya baharini, ambayo ni sawa na kilomita 1.852. Marubani wakairithi maili hiyo, na mpaka leo wanaitumia. Kwa hivyo digrii moja ni maili 60 za baharini, au kilomita 111 hivi.

Sasa toa. Kwenda kaskazini kuna tofauti ya dakika 36, yaani maili 36. Kwenda magharibi kuna tofauti ya dakika 44. Kwa kuwa Turkana iko karibu na ikweta, dakika za longitudo hapa kwetu zina urefu unaokaribia sana ule wa dakika za latitudo, basi tuseme maili 44. (Mtu wa Uingereza hawezi kufanya hivi, kwa sababu longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha ya dunia.) Umepata pande mbili za pembetatu mraba, na upande wa tatu ni kazi ya Pythagoras ambaye tumemjua tangu shule ya msingi. 36 mara 36 ni 1,296. 44 mara 44 ni 1,936. Jumla ni 3,232, na kipeo chake cha pili ni karibu 57. Maili 57 za baharini ni kilomita 105 hivi. Barabara imetuongezea kama kilomita 15, na kwa barabara yenye milima na lagga kama yetu huo si wizi mkubwa.

Ndege ndogo ya injini moja yenye rafadha, yaani lile panga linalozunguka puani, huweza kwenda kilomita 300 kwa saa. Kilomita 105 gawanya kwa 300 ni dakika 21. Hapo mwanafunzi huweka mstari chini ya jibu na kufunga kitabu. Mimi pia ningefunga, lakini kuna mtu tumemsahau naye yuko njiani kila siku. Ni upepo.

Upepo wa Turkana si upepo wa kawaida. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna bonde pana, na hewa inayotoka Bahari ya Hindi ikifika hapo hubanwa kama maji unapoziba nusu ya mdomo wa mpira. Hutoka kwa kasi. Mwaka 1982 wataalamu J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha maelezo ya mkondo huu, na wenye elimu ya hali ya hewa duniani wanaujua kwa jina la Turkana. Ndio huo uliofanya mitambo 365 ya kuzalisha umeme isimamishwe karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa, mradi uliozinduliwa rasmi mwaka 2019. Huvuma kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, na nguvu zake nyingi ni usiku na asubuhi mapema.

Tazama ramani tena. Lodwar iko kusini-mashariki mwa Kakuma! Maana yake ni kwamba ndege inayotoka Lodwar kuja Kakuma asubuhi inasukumwa mgongoni, na inayokwenda Lodwar inapigwa usoni. Tuseme upepo una mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kuja ni 300 ongeza 40, kilomita 340 kwa saa: dakika 18 na nusu. Kwenda ni 300 toa 40, kilomita 260: dakika 24. Umbali ni uleule, angani ni palepale, na rubani ni yuleyule, lakini muda umetofautiana kwa zaidi ya dakika tano. Na usidhani kwamba kwenda na kurudi upepo unalipa deni lake. Bila upepo safari zote mbili ni dakika 42. Kwa upepo ni karibu 43. Unapopingana nao unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko unapokusaidia, ndiyo maana hasara inashinda faida.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunalijua jambo hili kwa miguu. Kwetu ni upande wa kusini-mashariki wa shule. Asubuhi baiskeli yangu inakwenda kama imetiwa mafuta, na walimu wanadhani nina bidii. Siku za mtihani tunapoachiliwa mapema, upepo ukiwa bado haujachoka, nafika nyumbani macho yamejaa mchanga na wali umeshaliwa.

Haya, turudi kwa nyanya. Hesabu ya pembetatu haifai kwa Adelaide, kwa sababu pembetatu hiyo hudhani ardhi ni bapa kama ubao. Kwa kilomita 105 uongo huo ni mdogo. Kwa maelfu ya kilomita unakuwa uongo mtupu. Nilimwendea mwalimu wa hesabu, akaniambia mada hiyo ni ya kidato cha nne, nisubiri zamu yangu. Kwa kuwa ndege haikuwa tayari kunisubiri, niliazima lile tufe la somo la jiografia na uzi wa kushonea.

Nilizungusha uzi kwenye ikweta nikapata sentimita 94. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Kisha nikabana ncha ya uzi kaskazini mwa Kenya kwa kidole gumba, nikauvuta hadi kusini mwa Australia mpaka ukakaza kabisa. Uzi uliokazwa juu ya tufe hujitafutia wenyewe njia fupi kuliko zote, na njia hiyo huitwa duara kuu. Ulipita karibu na pale mpaka wetu na Somalia unapokutana na bahari, ukainama kusini sana katika Bahari ya Hindi, ukaingia Australia kwenye kona ya kusini-magharibi. Ukichora mstari wa rula kwenye ramani ya ukutani hutaona kuinama huko, nawe utadhani uzi umepotea njia. Kumbe aliyepotea ni rula.

Uzi ulikuwa sentimita 27. Basi 27 gawanya kwa 94, zidisha kwa 40,000, unapata karibu kilomita 11,490. Ndege kubwa za kuvuka bahari huenda kama kilomita 900 kwa saa. Jibu ni saa 12 na dakika 46, nikakadiria 13. Na huo ndio ukawa mwisho wa akili yangu.

Sikujiuliza swali dogo ambalo hata makanga angeuliza: gari linapitia wapi?

Hakuna ndege inayotoka Kakuma moja kwa moja hadi Adelaide. Kiwanja chetu ni kidogo na ndege nyingi zinazotua hapo ni za mashirika ya misaada. Familia ya rafiki yangu ilipelekwa Nairobi, ikapanda nyingine hadi Doha nchini Qatar, kisha nyingine hadi Adelaide. Sasa pima vipande hivyo. Kakuma hadi Nairobi ni kama kilomita 600. (Ukijaribu mwenyewe, kumbuka Nairobi iko kusini mwa ikweta na sisi tuko kaskazini, kwa hivyo latitudo zinajumlishwa. Mimi mara ya kwanza nilitoa, nikaisogeza Nairobi karibu kuliko ilivyo.) Nairobi hadi Doha ni kama 3,350. Doha hadi Adelaide ni kama 11,320. Jumla ni kilomita 15,270, yaani karibu 3,800 zaidi ya uzi wangu.

Hapa ndipo nilipokaa nikashika tama. Linganisha: kutoka Kakuma hadi Adelaide ni 11,490, na kutoka Doha hadi Adelaide ni 11,320. Nyanya yule aliruka kilomita 3,950, akavuka ikweta mara mbili, akabadilisha ndege, na baada ya hayo yote alikuwa ameikaribia Adelaide kwa kilomita 170 tu! Tena kipande cha Nairobi hadi Doha kilimrudisha nyuma kabisa. Ukiwa Nairobi, Adelaide iko umbali wa kama 10,980. Ukifika Doha imekuwa mbali zaidi. Ni kama mtu wa Kakuma anayetaka kwenda Lodwar apelekwe kwanza Lokichoggio.

Kwa nini basi? Kwa sababu ndege inafuata abiria, si uzi. Abiria wa Nairobi wanaokwenda Adelaide ni wachache, hawawezi kujaza ndege nzima kila siku. Lakini Doha wanakutana watu wa Nairobi, London, Karachi na kwingineko, wote wanaelekea Australia, na ndege inajaa. Ni ile tabia ya matatu haiondoki mpaka ijae, isipokuwa stendi yake ni kubwa na ina vioo.

Ukimtaja mtu wa Kakuma na Adelaide mbele ya vijana wa hapa, watakutajia Awer Mabil. Alizaliwa kambini mwaka 1995, akahamia Adelaide na familia yake mwaka 2006, akaja kuichezea timu ya taifa ya Australia. Juni 2022 alifunga penalti katika mchezo dhidi ya Peru ulioiingiza Australia kwenye Kombe la Dunia. Mchezo wenyewe ulichezwa nchini Qatar, katikati ya njia ileile ya nyanya.

Sasa muda. Walitoka Kakuma Jumatatu saa 3 asubuhi, wakawa hewani saa moja na nusu. Nairobi walilala siku mbili wakikaguliwa karatasi na afya. Jumatano saa 11:30 jioni wakaruka, wakafika Doha baada ya saa tano. Wakangoja saa nne. Kisha saa 12 na nusu hadi Adelaide, huku pepo za juu za upande wa kusini, zinazovuma kutoka magharibi, zikiwasukuma. Walitua Alhamisi saa 3:30 usiku.

Mwenzetu mmoja darasani akahesabu haraka: kutoka Jumatano saa 11:30 jioni hadi Alhamisi saa 3:30 usiku ni saa 28. Amekosa, lakini si peke yake. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi na saa ya kufika ni ya Adelaide. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na watu wa mashariki hulipata jua kabla yetu. Doha wanatumia saa sawa na yetu, lakini mwezi wa Julai Adelaide iko mbele kwa saa sita na nusu. (Ndiyo, na nusu. Sehemu kubwa ya dunia hutofautiana kwa saa kamili, wao wameongeza nusu.) Kwa hivyo walipotua saa 3:30 usiku, hapa Kakuma ilikuwa saa 9 alasiri, nami nilikuwa darasani nikipiga miayo. Tangu waondoke Nairobi zilikuwa zimepita saa 21 na nusu.

Ukianzia Kakuma, kutoka Jumatatu saa 3 asubuhi hadi Alhamisi saa 9 alasiri ni saa 78. Jumlisha za hewani: moja na nusu, tano, kumi na mbili na nusu. Ni 19. Saa 59 zilizobaki walikuwa chini, kwenye viti, mistari na vitanda vya watu. Ukigawanya kilomita 11,490 za uzi wangu kwa saa 78, unapata mwendo wa kilomita 147 kwa saa. Hapa kwetu kuna dereva wa Probox ambaye angejaribu kushindana nao.

Nami nikaongeza kitu ambacho hakiwezi kupimwa kwa tufe. Familia ile ilikaa kambini miaka 11 kabla ya kuitwa. Nyanya aliponiuliza ndege inakaa juu saa ngapi, hakuwa na haja na hewa. Alitaka kujua ni lini atafika mahali pa kufungua begi.

Tembe zake mbili zilimtosha mpaka Jumanne. Jumatano asubuhi kichwa kilimuuma, miguu ikavimba, na rafiki yangu akamwambia muuguzi pale Nairobi, wakampa nyingine za njiani. Hayo aliniandikia baadaye kwenye simu ya mjomba wangu, na mwishoni akaongeza maneno matatu: "Bwana Ramani, aibu!" Nilistahili.

Siku hizi tunazungumza Jumamosi. Jioni ya siku ya shule haifai, kwa sababu saa 10 tunapotoka darasani kwao ni saa 4:30 usiku, na tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili wao husogeza saa zao mbele, inakuwa 5:30. Mara ya mwisho nyanya aliomba simu. Alinisalimu, akauliza kama mvua imefika Tarach, akaniuliza bei ya mbuzi. Kisha akasema, "Na kurudi ni saa ngapi?"

Nilijua tayari kwamba kurudi ni kurefu zaidi, kwa sababu zile pepo za magharibi zitakuwa usoni, na kutoka Adelaide hadi Doha peke yake huweza kufika saa 14. Lakini safari hii sikujibu. Nilimuuliza kwanza atatoka nyumbani saa ngapi, atalala wapi, na tembe zitakuwa begi lipi. Akacheka. Nimeshaanza kuandika orodha.